Mbwa na paka geti moja: usiwalazimishe kusalimiana

Wakuu, ngoja nianze na aibu yangu ndo mnielewe vizuri. Siku namleta paka nyumbani mbwa alikuwepo tayari, anaitwa Bobi, hawa mbwa wetu wa kawaida waliochanganya, sikio moja limesimama lingine limelala, na mi kwa akili zangu nikasema niwatambulishe kistaarabu. Nikambeba paka kifuani kama kichanga, nikatoka naye kibarazani, nikachuchumaa mbele ya Bobi nikamwambia haya Bobi, mgeni huyu, msalimie. Bobi akaleta pua. Kilichofuata hakikufika hata sekunde tatu, paka alinipanda kifua, akakanyaga bega, akanichana kuanzia shingo ya tisheti mpaka nyuma ya sikio, akapita dirishani, akaingia kwenye kale katundu ka dari ya bafuni ambako fundi alisema anarudi kesho kukaziba. Akakaa huko darini siku mbili. Usiku tunasikia tu kwaru kwaru juu ya vichwa vyetu, mama watoto ananiangalia haongei kitu, na hata aliposhuka hakushuka kwa ajili yangu, alishuka kwa ajili ya dagaa waliokuwa wanakaangwa jikoni.

Sasa ni mwaka wa tano naishi nao wote wawili, na majirani kama watatu hivi nimewasaidia kuweka mambo sawa kwao, kwahiyo haya ninayoandika mengine nimejifunza kwa kuchanwa na mengine nimeelezwa na daktari wa mifugo anayekuja kuwachanja.

Kitu cha kwanza kabisa, toa kichwani zile video za mbwa na paka wamelala wamekumbatiana. Zipo kweli, ila ile ni bahati ya mtu, na ukiikimbilia utaharibu. Wewe unachotafuta ni kitu kidogo zaidi, mbwa amchoke paka. Yani amuone kama anavyoiona ndoo ya kufulia au kiti cha plastiki, kipo pale, kinapita, basi. Na paka naye popote alipo awe anajua pa kutokea na awe na sehemu ya juu ya kupanda. Hayo mawili yakikaa umemaliza, hata kama hawatalala mkeka mmoja mpaka wanakufa.

Lugha zao zinapishana

Ukielewa hili sehemu kubwa ya kazi inakuwa nyepesi. Mbwa akifurahi anatikisa mkia, hilo kila mtu analijua. Paka akichapa mkia huku na huku amekereka, anasema niondokee. Sasa mbwa anaona mkia unacheza anajua mwenzake amefurahi, anasogea, anakula kofi la pua. Mbwa wakikutana wananusana nyuma, ndo salamu yao, paka ukimwendea hivyo na hamjuani ni utovu wa adabu. Mbwa akitaka mchezo anainamisha kifua chini anainua makalio juu na kubweka, paka anachoona yeye ni mnyama mkubwa anajipanga kumrukia, anatimua mbio. Na hapo ndo kasheshe inapoanzia, maana kitu chochote kikikimbia mbele ya mbwa akili yake ya kuwinda inawaka yenyewe, iwe paka, kuku au bodaboda. Hana chuki na paka wako. Kule kukimbiza tu ni utamu kwake, kunajilipa kwenyewe, ndo maana ukimwachia amkimbize mara moja akafaidi, kesho atamtafuta makusudi ili amkimbize tena, na wewe unarudi mwanzo.

Kwahiyo usiangalie mkia peke yake, angalia mwili mzima. Bobi akiwa sawa mdomo umeachia kidogo, ulimi uko nje, anamtazama paka halafu anatazama pembeni, ananusa chini, anakuja kwangu. Akiwa hayupo sawa anaganda. Mdomo unafungwa, masikio yanakuja mbele, uzito wote uko miguu ya mbele, macho hayapepesi, na mkia hata kama unatikisika unatikisika umesimama wima kama antena. Watu wengi wanaogopa kubweka, mi naogopa huo ukimya. Ukiuona usisubiri, mgeuze mbwa umtoe, na usipige kelele maana kelele zako yeye anazisikia kama na wewe umejiunga kwenye msako.

Kwa paka, mkia juu na ncha imepinda kidogo ni salama. Masikio yamelala nyuma, mgongo umetuna, manyoya yamesimama, anatoa ile hsss, anaomba nafasi na unampa, humgombezi. Na akikutazama akafumba macho polepole kama mtu mwenye usingizi, ametulia, mrudishie hivyohivyo, atakuelewa.

Nani na nani

Mtoto wa mbwa akiletwa kwenye nyumba yenye paka mtu mzima, hiyo ndo rahisi kuliko zote. Paka anampa makofi mawili ya pua na mbwa anakua akijua mwenye nyumba ni nani. Angalia tu kucha zisiingie jichoni, hasa kwa hawa mbwa wa pua fupi macho yametoka nje, jicho la mbwa likichanwa ni la kwenda kwa daktari siku hiyohiyo, usingoje wikendi iishe.

Kinyume chake, katoto ka paka na mbwa mkubwa, hapo usiache hata dakika moja bila mtu. Mbwa anaweza asiwe na nia mbaya kabisa, akaweka tu mguu kwa mchezo na kitoto kikaishia hapo. Mpaka kifikishe angalau miezi minne mitano, kina uwezo wa kuruka juu na kujitetea, wakutane ukiwepo tu.

Kama unachagua, ulizia alikokulia. Mbwa akili yake inapokea vitu vipya kirahisi kati ya wiki 3 na 12 hivi, paka mapema zaidi, kati ya wiki 2 na 7. Mtoto wa paka aliyezaliwa kwenye nyumba yenye mbwa anakuja ameshasoma. Ila paka aliyekulia Mji Mkongwe Unguja au Lamu kule, mitaa imejaa paka kila baraza na mbwa wa kuhesabu, huyo mbwa kwake ni jini, mpe muda mara tatu. Halafu kuna mbwa ambao kusema kweli hawafai, mbwa aliyetumika kuwinda, au mbwa aliyewahi kuua paka. Usijaribishie paka wako kwa mbwa ambaye ameshaua, mi hiyo siipendekezi kwa mtu yeyote.

Wiki ya kwanza hawaonani

Kabla mnyama mpya hajaingia, chanjo. Kichaa cha mbwa kinashika paka pia, sio mbwa tu kama jina linavyodanganya, na chanjo inaanza miezi mitatu kisha kila mwaka. Dawa ya minyoo wapewe wote. Na kama wewe au mtoto mkiumwa au kuchanwa na mnyama ambaye hujui habari za chanjo zake, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, afu nenda hospitali, usipake mafuta ya taa wala pilipili. Mi nilipochanwa na huyu wangu niliosha nikaenda, nesi akaniuliza kafanyaje, nikamwambia nilikuwa nawatambulisha.

Sasa paka mpya mpe chumba kimoja. Chumba cha wageni, stoo yenye dirisha, hata kona ya chumba chako ukiweza kufunga mlango. Humo weka maji, chakula, beseni la mchanga, na kitu cha kujificha. Boksi la kawaida la dukani linatosha, litobolee tundu mbili, moja ya kuingilia na moja ya kutokea, paka hapendi pango lenye mlango mmoja. Chakula na beseni viwe mbali mbali, we mwenyewe hukubali kulia chooni. Akigoma kula siku ya kwanza ni kawaida. Siku ya pili naye hajagusa kitu, piga simu kwa daktari, paka akikaa bila kula siku chache ini linaanza kujaa mafuta na hasa akiwa mnene, sio kama mbwa anayeweza kususa siku mbili tatu akarudi.

Na kama ni dume, chungulia beseni. Paka dume akipata stresi anaweza kuziba mkojo, unamuona anaenda kwenye mchanga anachuchumaa anajikamua hakuna kitu, anarudi tena, analia. Huyo hana siku mbili. Usiseme amefunga choo ukampa mafuta ya kula, mkimbize.

Muda huo huo ambao hawaonani wewe unafanya kazi ya harufu, na hii ndo hatua watu wanairuka kwa sababu inaonekana ya kijinga. Chukua kipande cha kanga kuukuu, msugue paka mashavuni na kwenye paji la uso, pale ndo anapotoa harufu yake ya amani, ndo maana anajisugua kwenye miguu ya meza. Kiweke chini ya sahani ya mbwa wakati wa kula. Kipande kingine msugue mbwa, kiweke karibu na chakula cha paka, sio chini yake siku ya kwanza, karibu. Mara ya kwanza Bobi alikinusa kile kitambaa mpaka akakifuta makamasi chote, akakibeba akaenda nacho bandani. Siku ya nne alikula akamaliza akaondoka hata hakukiangalia. Hiyo ndo dalili unayoisubiri, kupuuza.

Mlango katikati

Baada ya hapo wanakula pande mbili za mlango uliofungwa. Anza mbali, mita mbili tatu kila upande, kila siku unasogeza sahani kidogo, mmoja akiacha kula ujue umeharakisha, rudisha nyuma. Wanajifunza kwamba ile harufu ya mwenzao ikija na chakula kinakuja.

Wakiweza kula karibu kabisa na mlango, unahitaji kitu cha kuwafanya waonane bila kufikiana. Kama una geti la grili la mlango wa nyuma umeshapata, gongelea tu wavu wa kuku sehemu ya chini, au funga kipande cha wavu kwenye fremu ya mbao, fundi yeyote wa mtaani anakutengenezea. Wavu wa mbu peke yake hautoshi, mbwa anautoboa na pua. Nilitumia wiki mbili hapa. Jirani yangu alitumia siku nne, mwingine miezi miwili, na huyo wa miezi miwili leo ndo wanyama wake wametulia kuliko wa kwangu, kwahiyo usihesabu siku, hesabu vitendo.

Hapa pia ndo pa kumfundisha mbwa neno moja la kumtoa kwenye paka. Wengi wetu mbwa tumewasomesha inglishi midiamu, sit, go, kam, sijui ilianzaje hii, mwenye mbwa hajui hata kuomba maji kwa Kingereza lakini mbwa anaambiwa sit. Lugha yoyote tu, ila neno liwe moja na nyumba nzima itumie hilohilo. Langu ni "acha". Mbwa akimtazama paka, kabla hajaganda, sema acha, akigeuza macho tu kwako mpe kipande cha firigisi au ini la kuchemsha, kadogo kama punje ya hindi. Sio akishatulia, pale pale anapogeuza shingo. Baada ya siku kadhaa utaona kitu cha kuchekesha, anamuona paka halafu anakugeukia mwenyewe, kama anakudai.

Kukutana

Siku ya kuonana bila wavu mchoshe mbwa kwanza. Nusu saa ya kutembea, sio kumzungusha hatua kumi nje ya geti. Hili nalisema kwa sababu mbwa wetu wengi wanafungwa bandani toka asubuhi, nguvu zote zimelala mwilini, ukimfungulia mbele ya paka unafungulia risasi. Mlishe kidogo. Mfunge kamba ya kawaida ya mkononi, mnyororo mzito achana nao, ule unalia lia na kumtisha paka, na kamba uilegeze, ukiivuta ikakaza shingo mbwa anajua kuna hatari na anakaza pia.

Paka usimbebe. Narudia kwa sababu kovu ninalo, paka usimbebe, usimshike, usimfunge kwenye tenga ukamuweka mbele ya mbwa ati azoee, huko sio kuzoea, huko ni kukata tamaa. Mwache aingie mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa na njia ya kurudi nyuma na kitu cha kupanda. Juu ya kabati, juu ya friji, shelfu la ubao ukutani, stuli ndefu, chochote kinachozidi kimo cha mbwa akisimama kwa miguu miwili. Asili ya paka ni mwindaji mdogo ambaye naye anawindwa, akiwa juu anaona kila kitu na moyo unatulia. Ukifanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hili la juu.

Dakika tano zinatosha. Mbwa amelala miguuni kwako anatafuna kitu, paka yuko juu ya kabati anaangalia, hakuna kilichotokea, unamtoa mbwa. Unatamani kuendelea kwa sababu mambo yanakwenda vizuri, usiendelee, malizia kukiwa bado kuzuri. Kesho tena, mara mbili tatu kwa siku. Paka akimpiga mbwa kofi bila kucha mwache, anamfundisha. Wakibanana kweli kweli usiingize mkono, tupia shuka au taulo juu yao, gonga sufuria, mwaga maji, weka ufagio au kiti katikati, ila mkono hapana. Kucha za paka unaweza kuzikata ncha kidogo wiki hiyo, ile sehemu nyeupe tu, ya pinki ina damu.

Ukishaona wiki mbili tatu zimepita hakuna aliyeganda wala aliyefukuzwa, acha kamba iburute chini badala ya kuishika, ili ikitokea la kutokea unaikanyaga. Halafu ndo unaitoa. Kuwaacha peke yao wakati hamna mtu nyumbani ni jambo la mwisho kabisa, na mimi mpaka leo nikisafiri nawatenga.

Saa ya kumfungulia mbwa

Maelekezo mengi utakayokutana nayo yameandikwa kwa watu ambao mbwa analala sebuleni. Kwetu sio hivyo. Nyumba nyingi, za Waislamu na hata zisizo za Waislamu, mbwa haingii ndani, kazi yake ni ulinzi, mchana yuko bandani, usiku saa nne anafunguliwa azunguke uani. Paka ndo mwenye sebule na sofa. Kwa upande mmoja ni nafuu, kila mtu ana eneo lake tayari. Tatizo ni kwamba paka naye saa zake za kuzurura ni magharibi na alfajiri, yani anatoka kwenda kwenye mambo yake wakati mbwa ndo anaingia zamu. Paka wengi ninaowajua waliouliwa na mbwa wa nyumbani kwao wenyewe waliuliwa saa hiyo, sio mchana mbele ya watu.

Dawa yake ni ratiba. Paka chakula chake kikubwa apewe jioni ndani, saa kumi na mbili na nusu hivi, na mwite kwa sauti ileile kila siku, mi natikisa kopo la dagaa, hata awe ukuta wa jirani wa tatu anakuja mbio. Akishaingia madirisha yanafungwa. Ndipo banda linafunguliwa. Na sheria ya nyumbani kwangu ni kwamba anayefungua banda lazima aulize kwa sauti "paka yuko ndani?" na asubiri jibu, iwe mimi, iwe kijana wa geti, iwe dada. Tulishawahi kupata kijana mpya aliyefungua bila kuuliza, paka akaponea kwenye mti wa mwembe, akakesha huko na Bobi amekaa chini anamsubiri kama mtu anayesubiri daladala. Hakuwa na kosa yule kijana, hakuna aliyemwambia.

Kama paka wako ni wa nje moja kwa moja, hafungiki, basi uani kuwe na njia zake za kupanda kila upande, gogo limeegeshwa ukutani, ngazi ya mbao, tawi la mti. Asilazimike kuvuka uwanja mzima kutafuta usalama. Na juu ya ukuta kama una vipande vya chupa acha sehemu moja isiyo na chupa, watu wanasahau kwamba ile barabara ni ya paka.

Sahani na beseni

Chakula cha paka kiwe juu, cha mbwa chini, basi. Mbwa akila asipitwe na mtu wala paka, akimaliza sahani inaondolewa, mifupa haibaki inazagaa, maana ugomvi mwingi wa wanyama waliokwisha kuzoeana unatokea juu ya mfupa. Usimzoeshe paka kula chakula cha mbwa, ugali wa dona na mapupu unamtosha mbwa ila paka ni mla nyama hasa, bila nyama au samaki ya kutosha anakosa taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na taratibu macho na moyo vinaharibika.

Halafu beseni la mchanga. Sijui nisemeje kwa adabu, mbwa anapenda sana kilichomo humo, kwake ni kama bagia. Liweke mahali ambapo mbwa hafiki, na sio kwa sababu ya kinyaa tu, paka akishavamiwa akiwa chooni mara moja atahama, na atahamia kwenye zulia au kwenye nguo zilizopigwa pasi.

Dawa ya kupe

Hapa naomba usisome haraka haraka. Dawa ya kupe na viroboto ya mbwa usimpake paka, hata kidogo, hata kama duka la dawa za mifugo wamekwambia punguza tu kipimo. Nyingi zina permethrini, sumu ya kuua wadudu, au ndugu zake, na ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama la mbwa. Anaanza kutetemeka masikio, anatoa mate, anapata degedege, anakufa. Zile za kuogeshea ng'ombe ambazo watu wanamuogeshea mbwa uani, za amitrazi na nyinginezo, ni hivyohivyo. Na kama hawa wawili wameshazoeana mpaka wanalambana, ukimpaka mbwa dawa watenge mpaka ikauke kabisa, na daktari akuchagulie ambayo haitamdhuru paka. Jirani yangu alipoteza paka kwa njia hii, mbwa ndo aliyepakwa, paka alilala juu yake tu.

Na panado usimpe paka, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua.

Ikigoma

Kuna wanyama hawatakaa pamoja, na sio wewe uliyekosea. Ukiona umekwenda hatua kwa hatua, imepita miezi mitatu na mbwa bado anaganda kila akimuona, hataki hata firigisi, au paka amehamia chini ya kitanda anatoka usiku tu, anajilamba mpaka manyoya yanaisha tumboni, acha kuwalazimisha. Kuhasi kunapunguza uzururaji na ugomvi wa madume, fanya, ila usitegemee kitamfanya mbwa asahau paka. Kinachobaki ni zamu. Mama mmoja mtaani kwetu ana mbwa mkubwa hasa, mweusi, na paka wa manjano, asubuhi mbwa akiingia bandani kitasa kinalia klak na paka ndo anatoka uani kuota jua juu ya tanki la maji, jioni kopo linatikiswa paka anaingia, mlango wa jikoni unafungwa, kitasa cha banda kinalia tena. Mwaka wa nne huu na wale wawili hawajawahi kukutana uso kwa uso, mbwa anapita tu asubuhi pale chini ya tanki ananusa, anainua mguu, anaendelea na safari zake.